Usiniamini, Jelagat

Mjomba wako amepiga teke magurudumu yote manne,
akaridhika.
Wewe umelizunguka mara mbili, ukaona rangi ya buluu
ikikurudishia uso wako, ukatabasamu.
Hapo ndipo mwenye gari huanza kuhesabu pesa.

Weka kiganja kwenye boneti.
Ina moto, sivyo?
Niliiwasha saa kumi na mbili na nusu,
ninyi mkiwa bado Njoro mjomba hajamaliza chai,
maana injini hii ni kama goti langu:
ikishapata joto husahau kulalamika.
Njoo kesho kabla sijaamka. Mlinzi nitamwambia.
Iwashe ikiwa baridi, umande wa Lanet ungali kiooni,
usikilize kule chini: ko, ko, ko,
kama mtu anayebisha nyumba aliyofukuzwa.
Ukiisikia hiyo, rudi Njoro. Usiniage.

Moshi wa buluu, oili inaungua.
Mweusi, petroli inakwenda bure.
Mweupe usiokoma hata jua likishatoka upande wa Bahati,
maji yameingia mahali pa moto.
Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando
wa rangi ya chai ya maziwa,
basi bahati yako ni ile ya kwenye ramani tu.

Mita inasema laki moja na tisini elfu.
Mita ni shahidi aliyelala mahakamani.
Ilikufa nikiwa Timboroa, nikaifufua baada ya miaka mitatu,
na hiyo mitatu hakuna aliyeihesabu.
Uliza raba ya klachi, iliyolika hadi chuma.
Uliza usukani, unavyong'aa pale mkono unapokaa.

Nati za fenda ya kushoto zina mikwaruzo ya spana,
za kulia hazina.
Jiulize kwa nini.
Jibu ni Salgaa, usiku, mvua,
na sitaongeza neno.

Ukifika tambarare, vuta breki ya mkono,
tia gia ya tatu, achia klachi polepole.
Injini ikizima, klachi ni nzima.
Ikiendelea kunguruma, umenunua klachi mpya.
Kisha lipandishe Menengai kwa gia ya pili,
tabo ifungue mapafu.
Ule mluzi mwembamba lilizaliwa nao.
Ukigeuka kilio, geuza gari.

Mkanda wa taimingi? Nilibadilisha.
Risiti sina.
Basi hesabu kwamba sikubadilisha.

Namba ya chesi isome kwenye chuma chenyewe,
si kwenye karatasi niliyoishika kwa vidole viwili.
Na mlete Bifwoli wa gereji za Shabab,
si fundi nitakayekutajia mimi.
Alale chini yake na tochi.
Mlipe kabla, asije akanionea haya.

Sasa kaa ndani.
Kiti cha dereva kimepasuka ubavuni,
sponji inachungulia. Hiyo ni miaka kumi na mmoja
ya kuingia na kutoka kwangu.
Tazama cha abiria.
Kitambaa kama cha jana, povu limesimama,
mkanda mgumu, haujazoea kuvutwa.
Mlango wa kushoto bawaba hazilii:
hazijawahi kupewa kazi.
Muuzaji mwingine angekuonyesha kiti hicho kwanza,
ajisifu nacho.

Mimi nilikuwa nikitoka hapa saa nane za usiku,
peke yangu, hadi Mau Summit, naenda kunywa chai.
Halafu narudi.
Hilo Bifwoli hataliona kwa tochi.

Unacheka. Sawa, cheka,
lakini kesho njoo na mtu wa kukaa upande ule,
lisikie uzito wa watu wawili;
springi za kushoto sizijui zikoje.

Bei ni ileile.
Labda nipunguze elfu ishirini, kwa ajili ya zile nati.
Mjomba, tafadhali,
acha kupiga teke.